Mguu Huu ni Mzima

Nchi ya Shangilia iko mbali sana na hapa. Tusianze kugombana mapema: ukisikia humu jambo linalofanana na la kwenu, jua ni bahati mbaya tu, na bahati mbaya haina kesi. Ni nchi ya watu wapole, yenye vumbi jekundu na viwanja vingi, na katika kila kiwanja kuna jukwaa la wageni rasmi lenye paa, na watoto wasio na kivuli.

Huko hakuna Wizara ya Michezo. Ilikuwepo, ila ikaonekana neno "michezo" linawafanya watu wadhani mambo haya ni ya kuchezea. Ikabadilishwa kuwa Wizara ya Miguu na Ushindi, kwa kuwa miguu serikali ilikuwa nayo tayari, na ushindi ungefuata.

Wenye kumbukumbu watakuambia kwamba zamani, enzi za Rais wa Kwanza, watoto wa sekondari waliwahi kukaa chini katikati ya mashindano wakisema miguu inawauma. Siku hiyo Rais alikuwa na wageni. Tume ikaundwa, ikakaa hotelini mpaka mbuzi wa wilaya wakapungua, ikatoka na Sheria ya Msemaji wa Mwili. Sheria ilisema hivi: mwili wa mwanafunzi mwanamichezo una msemaji mmoja tu, naye ni kocha wake. Mtoto haumwi mpaka kocha aseme anaumwa.

Usicheke. Sheria ile ilizaliwa na nia njema. Aliyeipendekeza alikuwa mwalimu mstaafu, mjumbe pekee wa tume aliyewahi kufundisha watoto kukimbia. "Mtoto hana akili ya kuogopa," alisema. "Mpe kombe mbele yake, atajiua akilifuata. Basi kocha aogope kwa niaba yake. Aone kuchechemea kabla mtoto hajachechemea." Wajumbe walimpigia makofi marefu. Kisha wakachukua sentensi moja katika maneno yake, iliyofaa, na nyingine wakaziacha pale pale hotelini pamoja na mifupa ya mbuzi.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Mtoto akihisi kitu mguuni, humwendea kocha, husimama wima, husema: "Shikamoo kocha. Naomba kujua, mguu unaniuma?"

"Marahaba. Haukuumi."

"Asante kocha."

Kisha anarudi kukimbia. Wageni waliotembelea Shangilia walistaajabu kuona nchi nzima isiyo na mwanafunzi majeruhi.

*

Mashauri Ngulwa alikuwa kocha wa riadha katika Sekondari ya Kitopeni. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye filimbi shingoni hata msibani, na alikuwa anachechemea, lakini si rasmi.

Goti lake la kulia lilivunjika akiwa kidato cha tatu, mbele ya umati, muda mfupi baada ya kocha wake kutangaza kwamba ni zima. Kwa kuwa kocha hakulitangua tamko lake, goti lile halikuwahi kuvunjika. Hospitali walimtibu malaria. Alipotoka akiwa anaburuta mguu, majirani waliopenda kuishi vizuri na serikali walisema kijana amerudi na mwendo wa madaha. Mpaka leo, akipita sokoni, akina mama wenye adabu humwambia: "Mwalimu, leo maringo yamezidi." Naye hujibu: "Ni baridi, mama."

Kocha wake yule hakubaki kocha. Mtu mwenye kipaji cha kutoona hakai chini muda mrefu katika nchi ya Shangilia. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na wakati wa habari hii alikuwa ndiye Waziri wa Miguu na Ushindi mwenyewe, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Daktari wa Heshima Pangapanga Mtunguja.

Sasa, Kitopeni kulikuwa na binti mmoja, Chausiku Telela, mwembamba kama ufito, anayekimbia kana kwamba ardhi inamchoma. Mashauri alimwona mara ya kwanza akifukuzana na mbwa aliyeiba sandali ya mdogo wake. Mbwa ndiye aliyekata tamaa. Alimfundisha kupumua, alimfundisha kukunja kona, alimwombea uji shuleni asubuhi, na kwa miaka hiyo yote alimjibu "haukuumi" kama makocha wote wanavyojibu, bila kuinua macho, akiwa anakoroga chai.

Lakini zilipokaribia sherehe za Siku ya Miguu ya Taifa, jicho lake lilianza kumsumbua. Akaona kwamba Chausiku anapotua mguu wa kushoto anatua kwa ubavu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyomwagiwa maji. Akaona kwamba mazoezi yakiisha, wenzake wakilala kwenye nyasi, yeye anabaki amesimama, maana akikaa atalazimika kuinuka.

Siku moja binti akamjia. "Shikamoo kocha. Naomba kujua, mguu unaniuma?"

Mashauri akafungua mdomo kulitoa lile jibu, likakwama.

"Nitakujulisha," akasema.

Chausiku akashangaa. Katika maisha yake yote jibu hilo hakuwahi kulisikia. "Kocha, nimekosea kuuliza?"

"Hapana. Vaa viatu, twende zahanati."

*

Tabibu wa zahanati ya Kitopeni alikuwa kijana mwerevu, na kwa hiyo alikuwa mwoga. Alimpiga binti picha kwa mashine iliyotolewa msaada na taifa rafiki, akaishika ile picha dirishani dhidi ya mwanga, akamwita Mashauri peke yake.

"Unauona huu mstari, mwalimu? Mfupa wa muundi umeingia ufa, kama chungu kilichogongwa. Akipumzika utaunga. Akikimbia tena, hata mbio moja, unakatika vipande viwili, na ukikatika hivyo sijui kama atatembea sawasawa."

"Kwa hiyo anaumwa."

Tabibu akaiweka picha mezani kifudifudi. "Usinitege, mwalimu. Mimi nasoma mifupa. Kuumwa ni idara yako."

"Sasa wewe hujaona kwamba—"

"Nimeona mfupa. Nina watoto wawili na nyumba ya serikali. Nimeona mfupa tu."

Wakarudi shuleni kwa baiskeli, Chausiku kakaa nyuma, mguu wa kushoto unaning'inia. Njiani aliuliza swali moja: "Kocha, Siku ya Miguu nitavaa ile fulana yenye bendera, au ile ya shule?" Mashauri alipiga kengele ya baiskeli, ingawa njia ilikuwa tupu.

*

Mwalimu Mkuu, Bwana Kasembe, alikuwa amekwisha kuuchora ushindi ukutani. Kweli kabisa: kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na picha ya Chausiku akikata utepe, rangi bado mbichi, na pembeni yake Bwana Kasembe mwenyewe akiwa mrefu kuliko alivyo. Wizara iliahidi kwamba shule itakayoshinda itaezekewa upya jukwaa la wageni. Bweni la wasichana halikuwa na paa tangu upepo wa mwaka juzi, lakini, kama Bwana Kasembe alivyowaeleza wazazi, mgeni rasmi halali bwenini.

"Ufa?" alisema, aliposimuliwa. "Mashauri, hata ukuta huu una ufa. Umeanguka?"

"Ukuta haukimbii, mwalimu."

"Ndiyo maana hatuupeleki kwenye mashindano." Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Ndugu yangu, sheria inakuomba maneno manne tu. Mguu huu ni mzima. Hata kasuku anayaweza. Na mgeni rasmi ni nani? Kocha wako. Unataka kumwambia Mheshimiwa Pangapanga kwamba amelea kocha asiyejua kusema?"

Kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa amefika mkoani mapema kukagua zulia, Mashauri akaitwa kwenye nyumba ya wageni ya serikali siku hiyo hiyo. Alimkuta amekaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, miguu yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Waziri wa Miguu alisumbuliwa sana na miguu, na alikuwa na daktari wake kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo tu.

"Mashauri, mwanangu. Kaa. Bado una yale madaha yako?"

"Bado, mheshimiwa."

"Yanakupendeza." Akachezesha vidole majini. "Nimesikia una wasiwasi. Wasiwasi ni mzuri, unaonyesha mtu anafikiri, na kufikiri kunapita. Nataka nikuulize, na unijibu kama mtoto anavyomjibu baba yake. Mimi ndiye kocha wako. Nimewahi kusema kwamba unaumwa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi, umewahi kuumwa?"

Goti la kulia la Mashauri, lililokuwa limekunjwa pale kwenye stuli fupi, likawaka kama kaa la moto. Mbele yake mzee huyu, mwenye mikono minene iliyolishika goti hilo mbele ya umati, alikuwa anatabasamu kwa upendo wa kweli. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu yule hakuwa anaigiza.

"Hapana, mheshimiwa," akasema Mashauri.

"Umeona? Na leo ni kocha, una filimbi, una heshima. Ningekuwa mimi kocha wa kuropoka ungekuwa nini? Ungekuwa kilema. Nilikuokoa kwa kunyamaza." Akaomba taulo. "Maumivu, Mashauri, si mila yetu. Babu zetu hawakuwa nayo. Walikuwa na mizizi, basi. Maumivu yalikuja na meli, pamoja na vidonge vyake. Nenda. Na unikabidhi mguu vizuri hiyo Jumamosi."

Mashauri akashukuru. Akatoka. Nje ya geti akasimama ameshika nguzo, akajichukia kwa namna ambayo haikuhitaji kibali cha mtu.

*

Mama yake Chausiku, Bi Semeni, alikuwa mchoma vitumbua karibu na stendi ya shule. Mashauri alipofika kwake hakumkaribisha kiti. Aliendelea kugeuza vitumbua vyake kwa kijiti.

"Mtoto anauma shuka usiku," alisema. "Nasikia meno. Nageukia ukutani. Maana mie sina ruhusa ya kusikia, si ndiyo, mwalimu?"

"Mama, sheria—"

"Sheria naijua, nimeisaini kwa dole gumba nilipokukabidhi mtoto. Nikasema mwalimu ana macho, atamwangalia. Nimemzaa mimi, wewe umemkuta anatembea. Nataka unirudishie anatembea. Sijakuomba kombe." Akavipakua vitumbua. "Ningekuwa na mdomo mimi ningesema mwenyewe pale uwanjani. Lakini mama akisema ni kelele. Ukisema wewe ndiyo inakuwa kweli. Sasa mdomo wa mwanangu umeuficha wapi?"

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja, fundi cherehani, akakohoa. "Bi Semeni, msamehe mwalimu wa watu, naye ana mshahara."

"Na mwanangu ana mguu," akasema Bi Semeni. "Vya kwako ni vinne au vitano?"

Mashauri alisimama pale moshi unamwingia machoni, na kwa mara ya kwanza likamjia wazo ambalo makocha wa Shangilia hawaruhusiwi kuwa nalo: kwamba siku ile ya goti lake, palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kulizuia, na mtu huyo hakuwa mkatili. Alikuwa tu na haraka.

*

Jumamosi, Uwanja wa Mashujaa ulifurika. Bendi ilipiga wimbo wa Miguu. Watoto walipakwa rangi za bendera kuanzia nyayo mpaka magotini, na kwa kuwa rangi ilikuwa ya mlango, wengine walikuwa wanawashwa, ila hakuna kocha aliyekuwa ametamka kuwashwa.

Waziri alihutubia. Alisema taifa lina mguu mmoja, nao ni mguu wa kijana. Alisema adui anataka kutuona tumekaa. Alisema wapo watu, hakuwataja, wanaozunguka na picha za mifupa, na mtu anayetazama ndani ya mguu wa mwenzake anatafuta nini humo kama si siri za nchi. Watu walipiga makofi mahali penye makofi. Walioketi juani walipiga zaidi, kwa kuwa askari walikuwa upande huo.

Kisha ikaja sherehe ya kukabidhi miguu. Utaratibu wake ni huu: wakimbiaji wanasimama mstarini, kila kocha anapiga magoti mbele ya mtoto wake, anaushika mguu kwa mikono miwili, anatangaza, "Mguu huu ni mzima," na uwanja mzima unaitikia, "Na uende." Hapo ndipo mguu unahama kutoka kwa kocha kwenda kwa taifa.

Kwenye njia ya kwanza alikuwa mkimbiaji wa Kocha Nguzo Malela wa Sekondari ya Ikulu Ndogo. Nguzo alikuwa na sauti iliyosifiwa nchi nzima. Watu walisema hata mtoto wake akikatwa kichwa, Nguzo atatangaza kwamba shingo imepata hewa. Alimshika mkimbiaji wake, Mwajabu, mguuni, na binti akafumba macho.

"Mguu huu ni mzima," akanguruma Nguzo.

"Na uende," uwanja ukaitikia.

Wakaendelea mpaka ikafika zamu ya Kitopeni. Mashauri akapiga magoti, lile la kulia likilia kama mlango. Akaushika muundi wa Chausiku. Chini ya rangi ya bendera palikuwa pamevimba, pana joto la mkate uliotoka tanurini. Binti hakutikisika. Alikuwa anatazama mbele, kifua kimejaa, kama alivyofundishwa. Alifundishwa na yeye.

"Mguu huu unauma," akasema Mashauri.

"Na uende," uwanja ukaitikia.

Bendi ikagonga ngoma. Mashauri akabaki chini, mdomo wazi. Alikuwa ametumia ujasiri wa maisha yake yote, na hakuna aliyesikia, kwa sababu katika Shangilia watu huitikia kituo, pale sauti inapotua, hawaitikii neno. Kocha wa njia iliyofuata alikuwa ameanza kupiga magoti.

Ikabidi aseme tena. Safari hii alisimama, akapuliza filimbi yake kwa nguvu mpaka bendi ikanyamaza. "Nasema mguu huu unauma. Mfupa una ufa. Mimi ndiye kocha wake na nasema unauma, na ulikuwa unauma siku zote nilizosema hauumi."

Kukawa kimya. Si kimya cha heshima. Ni kile cha sufuria lililoanguka jikoni wageni wakiwa sebuleni. Mtoto mchanga alilia jukwaani, mama yake akamziba mdomo, kisha akamtazama, akautoa mkono.

Mheshimiwa Pangapanga aliinama kwa Mwanasheria wa Miguu, mtu mdogo mwenye kitabu kikubwa. Wakanong'ona. Mwanasheria akashika kipaza sauti.

"Wananchi, msiwe na hofu, sheria ililiona jambo hili. Kocha ametamka maumivu. Mtoto hawezi kuwa nayo, maana hana mamlaka ya kuwa nayo. Lakini maumivu yakishatamkwa hayawezi kuachwa yanazurura uwanjani penye wageni. Lazima yawe ya mtu. Basi ni ya aliyeyatamka. Mgonjwa ni kocha. Machela."

Kabla Mashauri hajaelewa, watu wa huduma ya kwanza walikwisha kumlaza. Walikuwa na ari sana. Katika miaka yao yote kazini hawakuwahi kupata mgonjwa. Wakamvua soksi ya kushoto, wakakoroga plasta, wakamfunga hogo gumu kuanzia kifundo mpaka gotini, kwenye mguu pekee aliokuwa nao mzima. Uwanja ukashusha pumzi. Baadhi ya watu walifuta machozi kwa jinsi serikali inavyojali.

"Na huyu binti," akasema Mwanasheria, "kwa kuwa maumivu yameondolewa rasmi, sasa ana mguu mwepesi kuliko wote. Mstarini."

Mwanzishaji wa mbio akainua bastola. Chausiku akainama kama alivyofundishwa, vidole kwenye chokaa. Hapo Mashauri aliinua kichwa kutoka kwenye machela, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mazoezini:

"Chausiku. Kaa chini, mwanangu."

Akakaa.

"Simama," akasema Waziri, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka sokoni.

"Shikamoo mheshimiwa," akasema Chausiku kutoka chini. "Kocha amesema nikae."

"Kocha ni mgonjwa."

"Ndiyo mheshimiwa. Ila ni kocha."

Waziri akamtazama Mwanasheria. Mwanasheria akafunua kitabu, akafunua tena, akaanza kutoka jasho. Kilikuwepo kifungu kwamba mwanamichezo humtii kocha wake na si mzazi, si daktari, si mtu mwingine yeyote. Kilikuwa kifungu kikali, hakina mwanya. Na aliyekiomba kiwekwe, zamani, wazazi walipokuwa wakimsumbua kuhusu goti la kijana mmoja, alikuwa Pangapanga Mtunguja.

"Basi akae," akasema Waziri polepole. "Wengine wakimbie."

Bastola ikalia. Wengine wakakimbia. Mashauri, akiwa ndani ya hogo lake, aliwaona wakipita, na kwa kuwa jicho lake lilikuwa limeharibika tayari, aliona yote. Aliona yule anayetua kwa kisigino tu. Aliona yule anayeshika ubavu. Kwenye kona ya mwisho, Mwajabu wa Ikulu Ndogo, aliyekuwa anaongoza, alidondoka kana kwamba mtu amemkata kamba. Akainuka. Akavuka utepe anaburuta mguu mmoja nyuma yake kama mtu anayeburuta gunia, na Kocha Nguzo Malela akapiga makofi, macho yake kayaelekeza kwenye mlingoti wa bendera.

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba wasichana wote wamefanya vizuri, mmoja wao akiwa amekaa.

*

Hospitali ya mkoa ilikuwa na kitanda kimoja kilichotengwa kwa majeruhi wa michezo, kisichowahi kulaliwa, kilichotandikwa shuka jeupe kwa ajili ya wakaguzi. Hapo ndipo walipomlaza Mashauri. Mlangoni aliwekwa askari, kwa usalama wa maumivu.

Alasiri Bi Semeni alifika, mtoto mgongoni. Chausiku alikuwa mkubwa mno kubebwa, magoti yake yakigonga viuno vya mama. Mapokezi walimrudisha. Walimwambia kwamba maumivu ya mguu huo yamekwisha kupokelewa, yako wodini, na hospitali haiwezi kutibu jambo moja mara mbili. Akaja na jambo lake hilo moja kwa moja mpaka kitandani. Askari alikuwa mteja wake wa vitumbua, akageuka kutazama dirishani.

Muuguzi wa zamu, Sista Apolonia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia na ndoo ya plasta. "Nimeagizwa nibadilishe hogo la Kocha Mashauri Ngulwa," akasema. "Kocha Mashauri ni yupi?"

Mashauri aliinua kidole, kisha akakishusha. Akajivuta na hogo lake mpaka pembeni, akatelemka, akakaa sakafuni mgongo ukutani.

Bi Semeni akamlaza bintiye kwenye shuka jeupe. "Huyu hapa, Sista."

Sista Apolonia akamtazama yule binti mwenye kaptura ya shule na rangi ya bendera magotini. Akaupapasa muundi kwa vidole viwili. Mkono wake ukasimama.

"Kocha," akasema hatimaye, "umekonda sana."

"Ni kazi nyingi," akasema Chausiku.

"Basi tulia, nikufunge. Utalala hapa mpaka mfupa uunge. Na mtu akikuuliza wewe ni nani?"

"Kocha Mashauri Ngulwa wa Kitopeni."

"Una miaka mingapi?"

"Hiyo ni siri ya kocha."

Bi Semeni akacheka, akafunika uso kwa kanga. Kutoka sakafuni Mashauri alisikiliza plasta ikipakwa. Redio ya askari ilikuwa inasema kwamba Mashauri Ngulwa amevuliwa filimbi, na Jumatatu atafikishwa mbele ya baraza kwa kosa la kutangaza maumivu hadharani. Mwanasheria alikuwa ameomba adhabu kali, kwa kuwa hakuna mfano wake katika historia. Mashauri alilisikia jina lake kama la mtu mwingine. Lilikuwa kitandani, linafungwa vizuri, na hilo lilimtosha kwa sasa. Kilichomsumbua ni wale wengine, waliovuka utepe.

Sista alikuwa ananawa mikono pale kelele ziliposikika ukumbini. Mlango ukasukumwa kwa bega. Alikuwa ni Kocha Nguzo Malela, suti yake ya michezo imelowa jasho, amembeba Mwajabu mikononi. Mguu wa binti ulikuwa umeelekea mahali ambapo miguu haielekei.

"Nani anaumwa?" akauliza Sista Apolonia, kama alivyofundishwa kuuliza.

Nguzo Malela akafungua mdomo. Sauti ile iliyosifiwa nchi nzima haikutoka. Akamwona Mashauri pale sakafuni na hogo lake, akaona askari, akasikia redio. Akafunga mdomo.

"Nikisema," akauliza kwa mnong'ono, "watanifunga na mimi?"

"Watakufunga," akasema Mashauri.

Nguzo akatikisa kichwa, akaangalia mlango alioingilia, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba atarudi alikotoka. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika uzito wa mtoto, na huenda ni uzito uliomshinda. Hakusema lile neno. Aliinamisha uso mpaka karibu na uso wa Mwajabu, akamuuliza kitu ambacho hakuna kocha wa Shangilia aliyewahi kumuuliza mtoto, na ambacho hata Mashauri, na jicho lake lote, hakuwahi kukiuliza.

"Mwajabu," akasema. "Mguu unakuuma?"

Mtoto akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeulizwa.